Cherehani Ina Nini

BABA: Haloo? Nani mwenzangu?

BINTI: Ni mimi, Baba. Shikamoo.

BABA: Marahaba, mama. Unasikika kama uko ndani ya debe.

BINTI: Niko duka la viatu, chini ya ngazi. Mtandao unasuasua. Sasa sikia, nimeshika—

BABA: Viatu vyangu viko wapi?

BINTI: Ninavyo mimi. Nilivichukua asubuhi ukiwa unaoga.

BABA: Nimekwenda dukani na kandambili. Fundi nguo, suruali ya pasi, na kandambili. Watu wamenipisha njia.

BINTI: Pole. Ulikataa kuja, na muuzaji alitaka kuona unavyokanyaga. Anasema unyayo wako ni bapa, hauna upinde, ndiyo maana mguu unalalia ndani. Unahitaji kiatu kigumu kisiginoni, kinachokunjika kwenye vidole, si katikati.

BABA: Mwambie mguu huo umenibeba miaka yote bila ushauri wake.

BINTI: Nimemwambia. Kasema ndiyo maana umechoka.

BABA: Ana mdomo huyo.

BINTI: Nimepata jozi nyeusi. Mbele inabaki nafasi ya kidole gumba, maana jioni mguu huvimba. Ina kamba—

BABA: Sitaki kamba.

BINTI: Kamba ndizo zinazoushika mguu, Baba. Visivyo na kamba vitakuvuka njiani.

BABA: Chukua vya kuchomeka tu. Mtu mzima hainami-inami.

BINTI: Tangu nakujua unavaa vya kamba. Hata hivi hapa vina kamba, ila... fundo limekauka. Hazijafunguliwa siku nyingi hizi.

BABA: Haloo? Unakatika.

BINTI: Sikatiki. Baba, soli ya kushoto imelika ubavuni, kama alivyosema muuzaji. Ya kulia imelika ncha, kwenye vidole, mpaka naona kitambaa. Kama kitu kilichoburutwa.

BABA: Barabara zetu mashimo matupu.

BINTI: Mguu wa kushoto unapita barabara nyingine?

(Mikwaruzo ya simu.)

BABA: Hilo swali la wakili.

BINTI: La mwanao. Mama wa nyumba ya pili ananiambia gauni lake umemrudishia vipande vipande. Ulimwambia cherehani mbovu. Nami uliniambia hivyo hivyo, nikakuletea mtu wa kuitengeneza, ukamfukuza mlangoni.

BABA: Sikumfukuza. Nilimwambia akapumzike.

BINTI: Baba.

BABA: Nakusikia.

BINTI: Cherehani ina nini?

(Mlio wa pikipiki ukipita upande wa Baba.)

BABA: Cherehani ni nzima. Siku ile ya mvua kubwa niliamka mkono wa kulia ganzi, na mguu wa upande huo. Nikadhani nimeulalia. Mdomo nao mzito. Nikasema afadhali naishi peke yangu, hakuna wa kumjibu. Mchana mdomo ukarudi. Mkono ukarudi nusu. Sindano naiona, uzi nauona, kukutana havikutani. Mguu ndio huo, umeusoma mwenyewe.

BINTI: Mbona hukusema?

BABA: Mama yako alipougua uliacha kazi ukamuuguza. Hii nyingine ndiyo kwanza umeipata.

BINTI: (sauti imeshuka) Jiandae. Nakuja, tunakwenda hospitali sasa hivi.

BABA: Na viatu?

BINTI: Nitamwomba aviweke mpaka daktari auone mguu. Usitoke. Usipande juu ya kitu kutafuta chochote. Kaa.

BABA: Nimekaa. Kazini umewaaga?

BINTI: Nitawaaga njiani.

BABA: Waage vizuri. Usiwaambie mambo mengi, sema baba anaumwa, basi.

BINTI: Haya.

BABA: Ndivyo ilivyo. Naumwa.

BINTI: Nimekusikia, Baba. Salio linaisha, natoka du—

BABA: Ukifika usibishe hodi, sukuma tu. Mlango sijaufunga. Ufunguo siku hizi unanishinda.

BINTI: Usiku je? Unalala mlango wazi?

BABA: Nausukumia kiti cha wateja. Hakina kazi nyingi—

(Simu imekatika.)

BABA: Haloo?