Babu na Njia Yake ya Vigae

“Babu, wewe fundi mzima, mbona njia yetu haina saruji?” Nilimuuliza hivyo nikiwa darasa la pili, vigae vikigongana chini ya viatu vyangu kama sahani jikoni. Akanitazama. “Kazi ya shule umemaliza?” Basi, mazungumzo yakaishia hapo.

Marehemu babu yetu, mliyemzoea kwa jina la Fundi, alizaliwa tarehe 9 Agosti 1946, mtoto wa nne kati ya sita. Alisoma hadi darasa la saba. Hesabu alikuwa anaziweza kweli, ila mwalimu akigeukia ubao, yeye yuko dirishani anamtazama mjomba wake akijenga darasa la jirani. Mwaka 1962 akaenda kumbebea mjomba huyo matofali, na uashi hakuuacha mpaka alipostaafu mwaka 2009.

Alikutana na Bibi mwaka 1970, alipoitwa kwao kutengeneza jiko. Kazi ya siku mbili ikala wiki tatu. Mama mkwe akachoka: “Fundi, hilo ni jiko au ghorofa?” Walifunga ndoa tarehe 17 Aprili 1971, wakajaliwa watoto wanne.

Macho ya Bibi yalipozimika, mwaka 2013, aliacha kutoka nje. Ukimshika mkono anasema, “Niache, mimi si mzigo.” Fimbo aliitupa. Babu hakubishana naye. Alikusanya vigae vya paa vilivyovunjika, mbao kuukuu za jukwaa la ujenzi na mapipa ya kukingia mvua, akatengeneza bustani nyuma ya nyumba. Vigae alivilaza juu ya mchanga mtupu, vikawa njia. Mlangoni alipanda asumini, kwa kuwa Bibi aliivaa siku ya harusi. Penye bomba, rehani, ya kumkumbuka mama mkwe. Mwisho wa njia, kando ya benchi, mchaichai wa shangazi yetu, binti yao aliyetangulia mbele ya haki, ambaye chai bila mchaichai hakuiita chai. Bibi akafuata harufu, taratibu, hadi akawa anakwenda peke yake kukaa na binti yake. Majirani walimtania Babu: “Fundi, saruji imekuishia?” Naye anacheka tu.

Mapafu yake, yaliyochoshwa na vumbi la kazi, yalimlaza kitandani kuanzia Oktoba mwaka jana. Alifariki nyumbani asubuhi ya tarehe 2 Machi 2024, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa Bibi.

Ameacha mke, wana wawili, binti mmoja, wajukuu saba na kitukuu mmoja. Mungu amlaze pema, mahali pasipo na vumbi.

Januari mwaka huu, nikimpelekea dawa kitandani, nilimuuliza tena habari ya saruji. Akainua kidole.

“Nyamaza kwanza. Unasikia? Huyo amepita kwenye rehani.” Nje vigae vikagongana. “Sasa anafika kwenye benchi. Bibi yako hataki kushikwa mkono, na mimi siwezi kulala hapa bila kujua yuko wapi. Ningetia saruji, ningemsikiaje? Nikiondoka, mjukuu wangu, usimfuate fuate. Wewe msikilize tu.”