Slaidi ya Vichwa Vitano

Funga huo mlango, Curtis, na wewe Darlene acha kunipangia mito, njoo ukae hapa nikuone uso, maana nina jambo la kusema na pumzi zilizobaki ndizo hizi. Nisikilizeni wanangu, wala msinikatize, hata mkijisikia aibu kwa niaba yangu.

Nyumba ni ya Darlene, kama tulivyokubaliana mama yenu alipokuwa hai. Pikapu na vyombo vyote vya karakana ni vya Curtis. Slaidi zangu za treni, zile picha ndogo za filamu za kumulika ukutani mlizokuwa mkizikimbia kila Krismasi mkiniona tu nashika projekta, zipelekeni kwenye chama chetu cha wapenda reli, wao watajua pa kuziweka. Lakini moja si yangu. Imo ndani ya kopo la kahawa karakanani, rafu ya juu kabisa, nyuma ya makopo ya rangi. Nimeificha miaka hamsini, na ndiyo iliyonifanya niwaite.

Ilikuwa Oktoba ya mwaka sabini na nne. Mimi na Verlin Tibbets tulikaa siku tatu kwenye tuta, pale darajani, na kamera zetu shingoni. Miaka ile kampuni za reli zilikuwa taabani, zikiazimana vichwa vya dizeli, hata treni moja ya mizigo ikaweza kuja inavutwa na vichwa vya kampuni tatu, kila kimoja na rangi yake, na sisi wenye wazimu huo tulikuwa radhi kuacha kazi na wake zetu tukaingoje porini kwenye baridi. Siku ya tatu njaa ikaniuma. Nikamwambia, "Twende tukale pai bwana, hapa hakuna kitu."

Verlin akainua kidole. "Ngoja kidogo, Lyle. Hebu isikilize hiyo honi."

"Treni ya mahindi tu hiyo, we naye!" Nikaenda zangu, namcheka.

Niliporudi na kipande chake cha pai kwenye karatasi, nilimkuta kasimama anafuta machozi. "Vitano, Lyle! Vitano, kila kimoja rangi yake, na cha mwisho ni namba mia nne kumi na saba!" Sasa hiyo mia nne kumi na saba, wanangu, sote tulijua ilikatwakatwa kuwa chuma chakavu tangu masika.

Wiki ile Verlin alikuwa anahama nyumba, kwa hiyo aliniomba niipeleke filamu yake kwa posta ikasafishwe, irudishwe kwa anwani yangu. Boksi likaja. Nikaishika ile slaidi dirishani, na Mungu wangu! Chekundu, cha njano, cha buluu, cha kijani, na nyuma yao kile cheusi cha pua ya duara, namba inasomeka, na treni nzima inaonekana tena majini chini ya daraja. Mimi sikuwahi kupiga picha kama ile, na nilikuwa nimeikosa kwa sababu ya pai ya tufaha. Nikamwonea wivu. Nikampigia simu, nikasikia mdomo wangu unasema, "Pole ndugu yangu, imepotea njiani."

Chamani kwetu sheria ilikuwa moja: huna picha wala shahidi wa pili, basi hakukuwa na treni. Alhamisi ile, kwenye ukumbi wa chini ya kanisa, Verlin alisimama akaeleza yote, na mtu mmoja akamjibu, "Tibbets, ulisinzia ukaota!" Halafu wakanigeukia mimi. "Lyle, si mlikuwa wote? Wewe uliona nini?"

Nikasema, "Mimi niliona pai."

Ukumbi mzima uliangua kicheko, nami nilicheka kuliko wote. Tangu siku ile jina lake likawa Tano. "Vipi Tano, leo umeona sita?" Dukani, kwa kinyozi, hata kwenye ngazi za kanisa. Wewe Darlene ulikua ukimwita Mzee Tano, nami nilikuacha. Aliuza kamera. Akaacha kuja.

Lakini hilo silo linaloniumiza zaidi. Tulipomzika mkewe alinivuta pembeni, akaniuliza taratibu, "Lyle, hebu niambie kweli. Niliota?" Picha ilikuwa nyumbani kwangu, mwendo wa dakika kumi. Nikamwambia, "Tulikuwa tunakunywa sana siku zile, ndugu yangu." Akatikisa kichwa, akanishukuru. Alinishukuru, Curtis! Nimeona haya kila siku tangu hapo, na haya hizo hazikunipa ujasiri wa kupanda kwenye kiti nikateremsha kopo.

Nipe maji... Basi, inatosha.

Msingoje mazishi yangu. Verlin yuko kwenye nyumba ya wazee nyuma ya maghala ya mahindi, jicho moja limeshazima na la pili linafifia. Nendeni leo. Chukueni projekta, taa yake bado nzima, muimulike slaidi ukutani pale chumbani kwake, kubwa kabisa, mpaka aisome namba. Kwenye fremu ya karatasi nimeandika jina lake kwa mkono wangu. Halafu muipeleke chamani, muwaambie yote niliyoyafanya, na hilo la pai msiliache. Kofia ya chama msinizike nayo.

Mungu awape... awape moyo wa kufurahia alichokiona mwenzenu, nyinyi na watoto wenu. Mimi sikuwa nao. Nimewapenda. Nendeni, mbona mnalia... Darlene, hiyo slaidi ishike pembeni, kwenye fremu, usiiguse katikati. Na mkifika mlangoni msimwite Tano. Semeni... semeni, Bwana Tibbets, hukuota.