Kaburi Juu ya Maji Yetu

Kwenye basi la kisiwani Tarawa, Nei Tekarara alimgeukia kijana mwenye fulana ya idara ya maji. "Mwanangu, mama yangu kafa jana. Kweli mnanikataza kumzika kiwanjani kwetu?"

"Pole sana, mama. Lakini chini ya kiwanja hicho ndipo yalipo maji ya kisiwa kizima. Mkimzika pale, tutamnywa."

Nikaificha chupa yangu ya maji, sijui kwa nini.

"Babu yangu kazikwa palepale, kabla ofisi yenu haijakuwepo. Mnamnywa miaka yote. Mbona hamjamtapika?"

Basi likasimama kwao Nei Tekarara, naye akashuka, akamwita kijana.

"Haya, shuka ukamwambie mama mwenyewe. Yuko ndani, kwenye mkeka."

Dereva hakuondoa gari. Wote tulimtazama kijana.