Zenon Sikazwe na Kipimo Alichokiita Kibovu

Marehemu Zenon Sikazwe alizaliwa tarehe 14 Agosti 1971 kijijini Msanzi, mtoto wa tatu wa mzee Cleophas na mama Rozina, wakulima wa mahindi na ulezi. Alisoma shule ya msingi hapohapo Msanzi, akamaliza sekondari Sumbawanga mwaka 1990, kisha akapata stashahada ya afya ya mifugo mwaka 1994.

Alianza kazi Muze akiwa afisa mifugo, akachanja ng'ombe wa wafugaji kwa miaka mingi. Mwaka 2012 alifungua kliniki yake Kizwite na kuwashangaza watu kwa kuhangaikia figo za mbwa na paka. Walimcheka, yeye akacheka nao, kisha akaendelea na kazi. Alichukua damu kidogo, na mkojo wa kwanza wa asubuhi. Tone moja kwenye kioo cha kipimo, anakielekeza dirishani, anachungulia. Mkojo mzito, figo zinafanya kazi; ukiwa mwepesi kila siku, kuna jambo. Na kila mwenye mbwa alimwuliza kwanza, "Anakunywa maji kuliko zamani?"

Alifunga ndoa na Bertilla tarehe 12 Juni 1999. Mwaka fulani upawa wa Bertilla ulipotea jikoni siku tatu. Akamkuta mumewe nyuma ya kliniki, upawa umefungwa kwenye mpini wa ufagio, anamvizia mbwa wa Yusto, mlinzi wa jirani, akojoe.

"Mama Beda, nitakununulia mwingine," alisema bila kugeuka. "Usimshtue mgonjwa."

Alinunua kweli, tena mbili.

Marehemu alikuwa na desturi ya kukijaribu kipimo kila asubuhi kwa mkojo wake mwenyewe, maana alijihesabu mzima. Machi mwaka huu kikaonyesha mwepesi. Akamwambia Redempta, msaidizi wake, kwamba kimechoka, akaagiza kingine Mbeya. Nacho kikasema vilevile. Akavitupia vyote droo moja, akivilaumu vitu vya siku hizi, akaazima cha mwenzake na kuacha kujipima. Nyumbani Bertilla alikuwa akimjazia jagi la maji mara tatu kwa siku. Alipouliza, akajibiwa ni mazoea ya joto la Muze. Ilikuwa Juni, na baridi ya Ufipa sote tunaijua.

Tarehe 28 Juni alianguka mlangoni mwa kliniki. Daktari hospitalini alisema figo zote mbili zilikuwa zimeharibika muda mrefu. Alifariki Jumatano, tarehe 9 Julai 2025, baada ya siku kumi na moja tu. Tumepigwa na butwaa, na hadi sasa hatuamini.

Juzi Redempta alivitoa vile vipimo mbele ya Bertilla, akadondosha maji safi. Vyote vikasoma sifuri, kama inavyotakiwa. Akajaribu mkojo wake mwenyewe, ukasoma mzito. Bertilla aliketi sakafuni.

"Kwa hiyo vilikuwa vinamwambia?"

"Tangu Machi, mama."

Marehemu ameacha mama mzazi, mjane, na watoto watatu: Beda, Sharon na Rahel. Mbwa wa Yusto, aliyegunduliwa mapema kuwa na ugonjwa wa figo, bado anabweka Kizwite.

Mungu akupe pumziko, Baba Beda. Lile swali lako la maji, kuanzia leo tutaulizana na sisi.