Siku ya Kupanda Sikuwahi Kuijua

Sogeeni, wanangu, kaeni upande huu wa dirisha nipate kuwaona wote watatu bila kugeuza shingo, maana shingo nayo imegoma tangu juzi. Wewe binti yangu mkubwa, acha kuninyooshea shuka kila dakika. Huko hospitali wewe ni muuguzi, hapa ni mwanangu, keti. Na wewe seremala, toa hiyo penseli sikioni, nisije nikadhani umekuja kunipima. Haya, natania, usinitolee macho. Kitinda mimba wangu, vuta lile sanduku la mbegu uvunguni ulilete hapa, taratibu, usivunje machipukizi, nimesema taratibu jamani! Sasa tazameni wenyewe. Wiki tatu zilizopita machipukizi haya yalikuwa na urefu wa ukucha, manene, ya zambarau, ya kumtia mtu moyo. Leo yamekuwa marefu kama vidole, meupe, yamelegea, yanapapasa mbao kutafuta udongo. Kiazi hakimngoji mtu apone, wala hakimngoji afe.

Nina jambo moja la kuwaambia, na mengine yataingia humo humo kama magugu, mtayapalilia wenyewe nikishaondoka. Tangu Jumatatu mnaniuliza, "Mama, tupande?" nami nawajibu, "Bado." Hilo bado mmelizoea, mtaa mzima wananiita Mama Bado, mnadhani sijui? Lakini safari hii nalisema huku moyo unanienda mbio. Mvua imenyesha siku nne, ikakata siku tatu, jana ikarudi manyunyu, na mimi nimelala hapa kutwa nahesabu matone kwenye bati kama mwendawazimu. Tukipanda na udongo ni tope, mbegu zitaoza. Tukipanda na mvua ikakata, zitakauka. Tukingoja na kumbe hii ndiyo mvua yenyewe, viazi vitachelewa, vitakutwa na mvua kubwa vikiwa na maua, na ukungu utamaliza majani kwa wiki moja. Wahenga nao hawanisaidii kitu: mmoja anasema haraka haraka haina baraka, mwingine anasema ngoja ngoja huumiza matumbo, na wote wawili wamekufa, huwezi kwenda kuwauliza lipi ni la mwaka huu.

Mnajua watu wanavyonitazama. Nikipanda mimi, kesho yake mtaa wote unapanda. Kila mwaka mliniona nikitoka bustanini nyuma ya nyumba, nabana konzi ya udongo, nanusa, natazama juu, nanyamaza. Watu waliniamini kwa ajili ya ule ukimya. Sasa sikilizeni, wanangu, na msinikatize, kwa sababu nikikatizwa nitaogopa na sitasema tena: siku ya kupanda sikuwahi kuijua. Hata mwaka mmoja. Kwenye bati la uzio, nyuma ya bafu, kuna tundu la msumari, kimo cha jicho langu. Ninyi mlipokuwa wadogo mlikuwa mkisema mama akiingia kule hatoki, mkadhani tumbo linanisumbua. Tumbo langu lilikuwa zima. Nilikuwa nachungulia kwa jirani yetu, fundi cherehani, kuona yeye amefika wapi.

Ndiyo, yeye huyo huyo. Huyo niliyewakataza kumpokea hata maji. Akitoa mbegu zake juani, na mimi natoa zangu. Akianza kulainisha udongo, nami nashika jembe. Nampa siku moja mbele ili nisionekane naiga, kisha natoka na konzi yangu ya udongo na ukimya wangu. Mkubwa, unacheka? Cheka, mwanangu, ni haki yako, lakini hujasikia yaliyo mazito.

Mlikuwa watoto, na kitinda mimba alikuwa bado ananyonya, mwaka aliofariki baba yenu. Kabla ya hapo siku ya kupanda ilikuwa kazi yake yeye, nami kazi yangu ilikuwa kumbeza. Alipokwenda, nikasema nitawaonyesha watu kwamba nyumba hii haijalala. Mvua ya kwanza ilimwagika siku tatu bila kupumua; siku ya nne nikapanda, udongo unanata jembeni hata jembe halinyanyuki, watu wanapita wanasema, "Mama, si ungoje kidogo?" na mimi nikawajibu kwamba dalili ya mvua ni mawingu, mnataka dalili gani nyingine. Baada ya wiki tatu hakuna kilichoota. Nikafukua tuta la kwanza, nikakuta uji. Nikafukua la pili, la tatu, mikono inanuka uozo. Akiba yote ya nyumba, chakula cha miezi, nilikuwa nimeizika mwenyewe kwa mikono yangu.

Basi nikafanya nini? Nilisimama njiani, katikati ya watu, nikapiga kelele kwamba fundi cherehani anamwaga maji yake ya kufulia chini ya uzio, ndiyo yaliyoozesha viazi vya mjane na yatima. Nililia mpaka watu wakaamini, na ubaya wa uongo ni kwamba ukiulilia vizuri hata wewe mwenyewe unauamini. Wateja wakaanza kumkimbia. Mwenye kushonesha sare za shule akahamia kwa fundi mwingine. Na yeye? Siku ya pili tu ya kelele zangu nilikuta beseni la viazi vya mbegu mlangoni kwa nyuma, na beseni nililijua, ni lake, lilikuwa na kiraka cha lami chini. Niliwaambia ninyi kwamba ndugu za baba yenu wameleta. Nikapanda mbegu zake, nikala mazao yake, nikarudisha beseni kwa kulirusha juu ya uzio bila neno. Hivi mnavyoviona humu sandukuni ni vizazi vya mbegu zile. Hatujawahi kupanda kiazi chetu wenyewe tangu wakati huo.

Nipeni maji. Kidogo tu... inatosha.

Wewe mkubwa, hili ni lako. Mwaka ule nilikupeleka kwa shangazi yako, ukakaa miaka miwili. Nilikwambia shangazi ni mpweke, anataka mtu wa kumsaidia. Ulikuwa na miaka tisa, ukanishika gauni mlangoni, nikakubandua vidole kimoja kimoja. Uliporudi ulikuwa mtu mzima mdogo, unaniamkia vizuri, unanitii vizuri, lakini hukunikalia tena karibu, na nilijua umekwisha kusema moyoni kwamba kati ya watoto watatu wewe ndiye uliyeonekana wa kutolewa. Si hivyo, mama yangu. Chakula hakikutosha vinywa vinne. Nilikuchagua wewe kwa sababu wewe ndiye pekee niliyeamini ungeweza kuishi bila mimi. Nilipaswa kukwambia kwamba nimeozesha viazi kwa ujinga na kiburi, basi. Maneno machache hivyo, na nimeyabeba miaka thelathini na moja. Usinifute machozi, yaache yashuke, yamechelewa yenyewe.

Kwa hiyo mnaelewa sasa kwa nini kila mwaka nilisema bado. Ilikuwa hofu, wala msiniite mwenye busara. Na mngeniuliza jana asubuhi ningewaambia kwamba angalau kuna mtu mmoja anayejua, fundi cherehani, na kwamba mimi nimeiba tu ujuzi wake. Jana alasiri akaja kunijulia hali. Mlimwona, na tepu yake ya kupimia shingoni, mkastaajabu nikiwaruhusu mumwingize. Mlipokwenda jikoni akaniinamia akasema kwa sauti ya chini, kwa aibu, "Mama Bado, samahani kuuliza mgonjwa, lakini unapanda lini? Mimi nimekaa na mbegu zangu kwenye karai nakungoja wewe. Mimi ni mtu wa sindano, shamba sina mkono nalo. Miaka yote nikisikia unapiga matuta, ndipo na mimi napiga yangu."

Wanangu! Nilihisi kitanda kinazama. Yeye akisikia jembe langu anatoa mbegu juani; mimi nikiona mbegu zake juani nachimba; yeye akisikia nachimba naye anachimba; tukasukumana hivyo hatua kwa hatua, vipofu wawili, kila mmoja ameshika shati la mwenzake, mpaka viazi vikaingia ardhini bila mtu yeyote kuamua. Na mtaa mzima nyuma yetu! Watu wamelisha watoto wao kwa miaka hiyo yote kwa bahati tupu na rehema za Mungu. Usisafirie nyota ya mwenzio, walisema, lakini hawakusema ufanye nini ukigundua mwenzio naye anasafiria yako. Nilitaka kumwambia palepale, jirani, yale maji hayakuwa yako, ni mimi. Badala yake nikamjibu, bado. Akanifunga kitambaa changu cha kichwa kilichokuwa kimelegea, akaenda zake. Leo mlango wake umefungwa, anangoja. Na wengine wanamngoja yeye. Na mimi nangojwa na ninyi.

Sikilizeni basi, pumzi inanikata. Nyumba hii ni ya wote watatu, asiiuze mtu wakati kitinda mimba anaishi humu. Seremala, vifaa vya baba yenu vilivyo darini ni vyako, na ule uzio wa bati uung'oe, uweke mlango wa mbao kati yetu na jirani, wa kufunguka pande zote mbili, na usiutie kufuli. Mkubwa, gauni langu la kijani ni lako, alilishona yeye kabla hatujagombana, ndiyo maana halijachanika mpaka leo. Nusu ya mbegu hizi mpelekeeni. Na mwambieni, kama mimi mwenyewe sitawahi, mwambieni mbele ya watu, njiani pale pale niliposimama: maji hayakuwa yake, mama yetu alipanda kwenye tope. Msiipunguze hiyo sentensi. Mtu akiwauliza kwa nini mnamwaibisha marehemu, waambieni marehemu alituma.

Siku ya kupanda sina wa kumrithisha, kwa sababu sikuwa nayo. Kitinda mimba, nenda kaniletee udongo, chimba mpaka kifundo cha mkono kizame, usichukue wa juu. Nenda, tunakungoja.

Leta. Weka hapa, kiganjani, nikunjie vidole, mimi sina nguvu. Baridi kidogo... si baridi ya kuuma. Sasa bonyeza hilo donge kwa gumba langu. Mmeona? Umevunjika. Haukunata, wala haukumwagika kama vumbi. Baba yenu alikuwa akisema udongo wa kupandia ni ule unaoshikana ukiombwa na kuachana ukiambiwa, nami nikawa namcheka, namwita mshairi. Miaka yote nimeubana mbele za watu kama mchezo, leo ndiyo mara ya kwanza nauangalia kweli.

Leo, basi. Pandeni leo.

Hapana, ngojeni... mawingu yale ya upande wa kule, meupe au... Hapana. Nimesema leo. Mnaona nilivyo? Hata sasa. Ninaweza kuwa nimekosea, mnasikia? Nimewahi kukosea na tulilala njaa. Ikitokea zimeoza, msimtafute wa kumsingizia, wala msimfukuze mtoto nyumbani. Semeni tu tulipanda vibaya, ombeni mbegu kwa jirani kwa mdomo wenu, mshukuru kwa mdomo wenu. Hiyo ndiyo mali ninayowaachia, nyingine ni mbao na bati.

Seremala na kitinda mimba, nendeni. Mpitieni fundi cherehani, mwambieni Mama Bado anapanda sasa hivi, aje na karai lake. Macho ya kiazi yatazame juu, kina cha kiganja, hatua fupi kati ya shimo na shimo. Yale machipukizi meupe yaliyorefuka msiyavunje, yalazeni ubavu, yatajinyanyua. Na kama roho yangu itatoka mkiwa katikati ya tuta, mtakaposikia dada yenu anaita, malizeni tuta kwanza. Mimi sitaharibika kwa nusu saa. Mungu awape mikono isiyotetemeka kama yangu, awape kuelewana, awape watoto watakaowauliza mambo na ninyi muweze kusema hatujui. Nimewaridhia wote, nanyi niridhieni. Nendeni, nendeni, msisimame mlangoni.

Wewe mkubwa, unakwenda wapi? Keti. Nimesema wao wawili, sikukutaja wewe. Wewe sikutumi popote... kaa hapa hapa, karibu, karibu zaidi... hivyo. Lete hivyo vidole vyako.

Macho yangu hayaoni dirisha sasa. Niangalizie, mwanangu. Wameanza?