Reli Iliyooza Chini ya Bati

Hivi wewe, ukionyeshwa reli moja ya ngazi, imechomelewa na fundi mmoja, siku moja, rangi ya kopo moja, halafu nusu ya juu imeoza na ya chini inang'aa, utamkunja nani shati? Kamati ya zahanati ilishapata wa kumkunja: Fundi. Saa kumi jioni hiyo ingekaa imfute, na kazi ya madirisha ya wodi ya wazazi, ambayo alishaichukulia vipimo, apewe mwingine. Ndiyo maana benchi linalotazamana na zahanati, hatua mia mbili kutoka baharini, lilikuwa na kesi. Birika, muuza kahawa, alimimina kahawa yake. Mzee Antena, fundi redio mstaafu, alishika uenyekiti bila kupigiwa kura. Joho, aliyebandikwa jina hilo kwa kuwa tangu apate digrii ya kemia hajapata kingine zaidi ya picha ya mahafali, alikaa pembeni amenuna.

— Chuma cha siku hizi ni masufuria yaliyoyeyushwa, alianza Birika.

— Basi na huku chini kungeoza, alisema Fundi. Bomba ni lilelile, nililikata katikati.

— Mnara wa simu huo, alisema Mzee Antena. Unakula chuma. Redio zangu zote zilikufa ulipoletwa.

— Redio zako zilikufa kwa sababu ulizifungua, mzee wangu, alicheka Birika.

— Cheka tu. Kilichooza ni cha juu. Juu na mnarani kuna umbali gani? Jirani kabisa.

Birika akaona anapitwa.

— Ni hofu. Wanaume wanaosubiri wake zao wajifungue hushika pale juu. Jasho la hofu ni asidi tupu. Mimi kwa mwanangu wa kwanza nilitoboa kiti.

Joho yakamfika shingoni. Miaka minne maabara, barua za maombi sitini na ushee, leo anaambiwa chuma kinaozeshwa na hofu.

— Sayansi ni simpo, jamani. Chuma, maji, oksijeni: kutu. Maji ni ya mvua. Kamati iezeke ngazi yote, full stop.

— Hiyo naweza kuisema mbele yao, alisema Fundi, akapumua.

Hapo akatokea shangazi yake Joho, msafishaji wa zahanati, ndoo mkononi.

— Shikamoo, shangazi.

— Marahaba. Nimekusikia toka kule. Hebu nieleze, baba. Nusu iliyooza ndiyo iliyo chini ya bati, mvua haijawahi kuigusa. Hii nzima inanyeshewa mwaka mzima. Inakuwaje?

Joho alihisi masikio yakipata moto. Angeweza kuwamwagia Kizungu mpaka wakubali. Si ndivyo wanavyofanya waliomnyima kazi? Badala yake alivuka barabara, akapanda ngazi, akapitisha kidole kwenye reli ya juu, chini ya bati, akakilamba.

— Huyo tayari, alinong'ona Mzee Antena. Vitabu vimempanda.

Joho akashuka, akalamba na ya chini, akarudi.

— Nimekosea. Juu ni chumvi tupu. Chini hakuna ladha.

— Nani kaitia chumvi? aliuliza Birika.

— Bahari. Wimbi likipasuka linarusha vitone usivyoviona, upepo unavileta mpaka hapa, vinatua kwenye chuma. Chumvi inavuta unyevu wa hewani, chuma kinashinda kibichi hata kiangazi. Huku chini mvua inaisuuza. Kule juu inajilundika tu, hakuna wa kuiogesha.

— Kwa hiyo chuma changu ni kizima, alisema Fundi polepole.

— Kizima. Kikwanguliwe, kipakwe rangi upya, kisha kiwe kinaoshwa.

— Mwaka jana niliomba mpira wa maji niwe naiosha, alisema shangazi. Nikaambiwa nitaitia kutu.

Mzee Antena akatoa kalamu bila kuombwa. Joho akaandika akisema kwa sauti, Fundi akisoma begani kwake, kwa mara ya kwanza siku hiyo akitabasamu:

“Wajumbe wa kamati, kabla hamjamfuta mtu, pandeni ngazi yenu mkalambe reli. Mkihitaji wa kuwapimia chumvi kila mwezi, yupo, amesomea, na amechoka kukaa. Mpeni msafishaji mpira aliouomba. Mrudishieni Fundi madirisha yake, na mmwambie hivyo leo, kwa midomo yenu, kabla hamjanyanyuka vitini.”