Fundi Wenseslaus na Gari Lililokataa Mlima

Tarehe 30 Juni 2026, Fundi Wenseslaus Kimario anakabidhi funguo za karakana ya hospitali yetu baada ya miaka thelathini na mitatu ya utumishi. Aliingia Julai 1993 akiwa na spana zake mwenyewe ndani ya kikapu cha sokoni, na tangu siku hiyo hajamwazima mtu yeyote spana namba kumi. Ukiiomba, atakuuliza ya kwako iko wapi.

Alianza kama fundi msaidizi wa magari mawili. Leo anaacha karakana ya magari tisa na mafundi wanne, akiwamo Kindness Massawe anayechukua nafasi yake. Mara mbili alitunukiwa cheti cha mfanyakazi bora, na vyeti vyote viwili vimetumika kufunikia betri zisiingie vumbi.

Matibabu yake huanza kwa safari. Dereva huendesha, Fundi hukaa kiti cha kushoto, hufumba macho na kusikiliza, na ole wake atakayekohoa. Akifumbua macho anataja ugonjwa. Tulimtania kwamba anasali rozari, naye hakukanusha.

Njia hiyo ilimwangusha mara moja tu, na hiyo ndiyo habari ninayotaka kuwapa leo.

Masika ya 2024, gari la wagonjwa linalohudumia zahanati yetu ya mlimani liliacha kuvuta. Kwenye tambarare lilikwenda bila shida, lakini likikuta mwinuko lilijikokota, dereva akikanyaga mafuta wee, wapi. Kutoka zahanati ile barabara inashuka mtoni, kisha inapanda kilima kikali kabla ya kuteremka mjini. Hapo kilimani ndugu wa mama mmoja mjamzito walilazimika kushuka na kulisukuma kwenye tope. Mama alijifungua salama, namshukuru Mungu, ila uongozi ulishtuka. Ukaagiza kwamba gari lisipopanda kufikia Jumatatu, libaki mjini moja kwa moja. Ukataka pia ripoti yenye jina la aliyesababisha, maana huyo angeachishwa kazi.

Muuguzi mkunga Hilda, msimamizi wa zahanati, alipiga simu kila asubuhi. Alikuwa na kina mama saba waliokaribia siku zao, na bila gari wangeteremshwa kwa bodaboda.

Jumatano Fundi alibadilisha filta ya dizeli na ya hewa, yeye na dereva wakaenda kulijaribu kwenye tambarare ya Mabogini. Katikati ya mashamba ya mpunga gari liliruka kama swala, wakapongezana. Walipolipeleka kilimani likazimia pale pale. Alhamisi alifungua nozeli, akakagua klachi, akapima kama moshi unatoka vizuri nyuma. Akafungua boneti, akavuta kwa mkono waya wa mafuta unaotoka kwenye pedeli, injini ikanguruma mpaka kuku wa jirani wakatawanyika. Wakarudi kilimani, akafumba macho muda mrefu hata dereva akadhani amesinzia. Hakusikia kasoro yoyote, na hilo ndilo lililomnyima raha: injini nzima, gari gonjwa.

Ijumaa dereva alikwenda kuswali. Fundi akashindwa kusubiri, akakaa kwenye usukani mwenyewe. Buti zake zilikuwa na tope, akazivua. Alipofika chini ya kilima akakanyaga mafuta kwa soksi, na pedeli ikagota katikati, juu ya kitu laini. Akatazama chini. Kulikuwa na makapeti mawili, moja la gari na jingine la mpira mnene juu yake, ukingo umejikunja chini ya pedeli. Kumbe siku zote hizo pedeli haikufika mwisho! Kule chini ya boneti alikuwa akivuta waya wote kwa mkono, na kwenye kiti cha kushoto, macho yamefumbwa, hangeuona mguu wa dereva.

Alilichomoa lile la mpira, akalitupa nyuma, gari likapanda. Likapanda jamani! Hilda husimulia kwamba alisikia honi kuanzia mtoni, akatoka nje akidhani ni harusi.

Sasa niseme nisichowahi kusema. Dereva yule ni mimi. Kapeti lile nililinunua sokoni Pasua kwa ajili ya tope, nikaliona zuri, nikalisahau. Niliporudi kutoka msikitini nikalikuta juu ya benchi la karakana, nikaikumbuka ile ripoti. Nilikuwa na watoto watatu shuleni. Nikamwamkia shikamoo mara ya pili siku hiyo hiyo. Akaitikia marahaba, akanituma nikaoshe gari.

Jumatatu ripoti yake ilisomwa mbele ya uongozi nami nikiwa nimesimama mlangoni. Chanzo, aliandika, ni kapeti lililozuia pedeli. Aliyesababisha ni W. Kimario, fundi, ambaye kwa siku tatu hakutazama chini. Hawakuweza kumfukuza mtu wa miaka thelathini kazini, wakampa barua ya onyo. Aliikunja, akaitia mfukoni, akaniuliza kama gari lina mafuta ya kutosha, kwa sababu Hilda alikuwa na mama wa kuteremshwa.

Kina mama wote saba waliteremshwa salama. Fundi hakunitajia jambo lile tena, wala mimi sikupata ujasiri wa kulitaja.

Fundi, asante kwa magari, kwa utani, na kwa kunifundisha kutazama chini. Nenda kihambani, shambani kwako Kibosho, ukapumzike, migomba ikuzalie, na afya isikupungukie.

Leo faili lako linafungwa, na ndani yake kuna barua moja tu ya onyo. Namwomba Mganga Mfawidhi, mbele ya wote mliopo hapa, aitoe barua hiyo na kuiweka kwenye faili langu.

Yassin Msangi, dereva